Kabla hujalipia kozi ya kamera, omba kwanza uishike

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mi ndo nimekuzidi basi nasubiri ya kwangu. Naandika toka Makorora hapa Tanga, na kilichonifanya nikae na simu niandike ni jambo dogo tu. Jirani yangu ana miaka 51, watoto wamekua wameondoka, kiwandani kapunguzwa kazi, juzi kaja na tangazo la kozi ya upigaji picha kwenye simu ananiuliza shoga hii nilipie au niache. Mi nikaanza kumjibu tumekaa barazani, chai ikapoa, adhana ya magharibi ikatukuta bado naongea na jibu lenyewe sijalimaliza. Nikajisemea haya maneno bora niyapeleke gazetini, maana anayeuliza sio yeye peke yake, naulizwa sana, na wanaoniuliza ni watu wazima wenzangu. Vijana hawaniulizi, vijana wanajua kujitafutia.

Mi ni fundi cherehani, nina miaka 49, kamera nimeianza nikiwa na 45. Watu wananiuliza ulikuwa unatafuta nini huko kwenye mapicha na umri huo, nawajibu nilikuwa natafuta hela. Huku kwetu pwani shughuli za kike ni za kike kweli, siku ya hina, singo, kumpamba bi harusi, hata ukumbini ikifika saa ya wanawake wanaume wote wanatolewa nje na mpiga picha akiwemo. Akishatoka yeye kila mtu anachomoa simu, na ukija kuziangalia hizo picha kesho yake ni giza, vichwa vimekatwa, mara kidole cha mtu kimeziba nusu. Bi harusi kapambwa masaa manne hana picha moja ya maana. Mi ndo nashona nguo za hizo shughuli, nimekaa humo miaka, nikaona hapa pana nafasi na mwenye kuichukua lazima awe mwanamke, na akiwa mtu mzima ndo bora zaidi maana wenye shughuli wanamwamini.

Basi nikalipia kozi. Sitoitaja jina, walikuwa mjini na nasikia wameshahama. Laki tatu na nusu, wiki nane, Jumamosi na Jumapili, masaa mawili mawili. Ile siku ya kwanza tulikuwa watu 22 na kamera zilikuwa 2. Haya piga hesabu na wewe Mhariri, masaa mawili, saa zima la kwanza mwalimu anaongea na projekta yake, linabaki saa moja, kamera mbili, watu ishirini na wawili, ni dakika tano na ushee kwa mtu kama hakuna anayeng'ang'ania, na wapo waliokuwa wanang'ang'ania. Wiki mbili nzima za mwanzo ni historia tupu, Mfaransa anaitwa Niépce alivyopiga picha ya dirishani kwake miaka ya 1820 na ushee, ikachukua masaa mengi kutokea, halafu Mfaransa mwingine, Daguerre, na njia yake ya kupiga picha ya 1839. Sisemi ni mabaya, mwenyewe nilifurahi kujua kuwa kuna zama mtu alihitaji kutulia kama maiti ndo picha itoke, ila nilikuwa na hina ya mtoto wa mteja wangu mwisho wa mwezi na Daguerre hakunisaidia kitu.

Sasa kilichoniumiza ni hiki. Kila nikichungulia kwenye kile kitundu cha kamera naona ukungu. Nabonyeza, kamera inalia pi pi maana yake imeshakamata fokasi, mi bado naona ukungu. Namwambia mwalimu, ananijibu mama hujafokasi. Nabonyeza tena, pi pi, ukungu. Nikaona labda hii mashine ndo haijui, nikazima fokasi ya yenyewe nikawa nazungusha lenzi kwa mkono, hapo ndo nikaharibu kabisa, picha zikawa mbovu kwelikweli. Mwalimu kijana wa watu akasema mbele ya wote labda ni macho mama, darasa likacheka, na mi nikacheka nao, si unajua ile ya kucheka ili usilie. Nikarudi na daladala nimeshaamua kuwa mi sio mtu wa kamera, umri umepita.

Miezi mitano baadae ndo nikakutana na mzee mmoja alikuwa na studio Ngamiani enzi za filamu, zile za chumba cha giza na maji ya dawa. Nilimpelekea suruali yake niliyomrekebishia, akaona mkoba wa kamera yangu ukutani, maana katikati ya ile kozi nilikuwa nimeshanunua Nikon D3200 ya mkononi kwa mtu, nikaitundika ikawa inakula vumbi. Akaniomba aione. Hakuniuliza ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kushika mwanga, wala apecha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, akanipa akanambia chungulia, unaziona zile namba za chini? Nikamwambia naziona kama sisimizi wamelala. Akaweka kidole pembeni ya kitundu, kuna kijiswichi kidogo pale, kwenye kamera nyingine ni kigurudumu, kadogo hata hukioni kama hujaonyeshwa, akawa anakisogeza polepole ananambia sema basi ukiona. Mhariri, zile namba zilitoka kama mtu kazichora kwa kalamu sasa hivi. Kumbe kile ni cha kurekebisha kitundu kifuate jicho la mwenye kamera, na mtu akipita arobaini macho ya karibu yanapungua kwa wengi wetu, ndo maana wewe unayesoma gazeti hili umelisogeza mbali. Nusu ya lile darasa tulikuwa tumepita arobaini. Sekunde kumi za kusogeza kijiswichi ndo zilinikosesha miezi mitano.

Ndo maana nasema kozi ya watu wazima sio kozi ya vijana iliyopunguzwa spidi. Ni kitu kingine. Mama yangu mzazi alijifunza kusoma na mtoto mgongoni, wakati wa kisomo cha watu wazima, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alikuwa anatusimulia, darasa lao lilikuwa jioni watu wametoka shamba, walikuwa wanasoma habari za mihogo, choo, uji wa mtoto, vitu walivyovijua, na wenyewe walikiita kisomo chenye manufaa. Hakuna aliyewaanzishia na historia ya karatasi. Miaka hamsini baadae mtu anachukua hela yangu halafu ananifundisha kama nina kumi na nane, sina kazi, sina miwani na sina sufuria jikoni.

Yule mzee hakuwa na chuo wala cheti cha kunipa. Tulikubaliana elfu kumi na tano kwa siku, masaa mawili, na alikuwa hachukui watu zaidi ya wanne, wa tano anamwambia subiri mmoja amalize. Alichonifundisha nitakieleza kidogo maana ndo kipimo changu mpaka leo nikiambiwa kozi fulani nzuri.

Siku ya pili alimkalisha mkewe kwenye kiti nje, kavaa buibui jeusi, nyuma ukuta wa chokaa. Akanambia sogea mpaka buibui lijae kwenye picha halafu piga. Nikapiga, buibui likatoka kijivu kama limefuliwa mara mia na kuanikwa juani. Akamwita mjukuu wake ana kanzu nyeupe ya Ijumaa, nikasogea hivohivo nikapiga, kanzu ikatoka kama maji ya kusuuzia vyombo. Akaniuliza umeona? Kamera haijui buibui wala kanzu, yenyewe inadhani kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha katikati, ukiipa nyeusi inaongeza mwanga, ukiipa nyeupe inapunguza. Kuna kitufe kina alama ya kujumlisha na kutoa, nyeusi toa moja, nyeupe jumlisha moja, piga tena. Nikapiga tena buibui likawa buibui na kanzu ikawa kanzu. Halafu akanambia kitu cha tatu ambacho ndo mkate wangu leo: bi harusi wetu ana uso wa rangi ya kahawia na shela jeupe kichwani, kamera itaangalia lile shela na uso utaingia gizani, kwahiyo pima mwanga usoni kwanza, shela litajijua. Ile kozi ya laki tatu na nusu, picha zote za mfano kwenye projekta zilikuwa za wazungu kwenye theluji. Theluji Mhariri! Nani ana theluji Makorora?

Siku nyingine tukaenda Raskazone saa saba mchana, jua la utosi, yeye anafundisha kama alivyofundishwa enzi za kamera zisizo na kipimo cha mwanga. Jua kali hivi weka ISO 100, apecha f/16, shata 1/125, yaani mwanga unaingia kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, funga macho piga. Ikatoka. Akanambia sasa fungua apecha iwe f/8, hiyo ni hatua mbili, kila hatua mwanga unazidi mara mbili, kwahiyo shata inapanda hatua mbili, 1/500. Ikatoka mwanga uleule. Nikaelewa kwa dakika kumi kile ambacho ile pembetatu ya ISO, apecha na shata ya kwenye projekta haikunielewesha wiki nzima, kwamba namba ya apecha ikiwa ndogo tundu ndo kubwa, ukichukua huku unalipa kule, kama bajeti ya nyumba tu. Jua la saa saba kwa kupigia sura ni baya, vivuli machoni kama mtu kapigwa ngumi, hilo nalo alinambia, pale tulienda kujifunza namba tu.

Na ukumbini. Kuna kumbi zina taa za LED za bei poa, na zile tyubu ndefu, ukipiga na shata ya haraka picha inatoka ina michirizi kama kanga iliyochuja. Niliwahi kudhani kamera imekufa. Mzee akanambia umeme wetu ni hezi 50, taa kama hizo zinawaka na kufifia mara mia kwa sekunde, jicho haliwahi kuona ila kamera inawahi, shusha shata mpaka 1/100 au 1/50 michirizi iondoke. Hicho ndo kitu ukimuuliza mwalimu wa kozi kabla hujalipa utajua amewahi kusimama kwenye ukumbi au amesimama kwenye projekta tu.

Kwahiyo jirani yangu nilimwambia hivi, usiangalie kwanza bei, uliza kamera ngapi na watu wangapi. Wakikujibu inategemea, jua ni wengi. Halafu omba kukaa somo moja bila kulipa, au ulipie hilo moja tu, na siku hiyo uhesabu dakika ambazo kamera ilikuwa mkononi mwako. Mi siku hizi nikienda kuangalia kozi kwa niaba ya mtu naweka saa ya simu kabisa, wanadhani naangalia wasap. Na uangalie pia kama kuna muda ambao mwalimu anakaa na picha YAKO, sio picha yake, yako ile mbovu, anakuonyesha hapa ulisogea, hapa umekata miguu, hapa kichwa cha bibi kimeota mti wa nyuma. Hapo ndo mtu anapojifunza, na mi nadhani kozi isiyo na hilo hata ikiwa bure ni ghali.

Kitu kingine wasichosema kwenye matangazo ni aina ya kamera. Mwalimu wetu alikuwa na Canon, anasema weka Av, pale unapochagua apecha mwenyewe na kamera inachagua shata, mi na Nikon yangu nazungusha gurudumu la juu mpaka basi, Av haipo, kumbe kwangu inaandikwa A tu, na Tv yake, ya kuchagua shata, kwangu ni S. Kitu cha nusu dakika, lakini alishaendelea mbele. Muulize kabisa, mi nina kamera aina fulani, utanionyesha kwenye ya kwangu? Kama huna kamera usinunue mpaka umeshika mbili tatu za wenzio, na kama una simu nzuri anza na simu, mwanga ni uleule na dirisha ni lilelile.

Halafu muda. Tangazo la jirani yangu linasema saa tatu asubuhi mpaka saa saba, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nani huyo mtu mzima? Labda aliyestaafu na pensheni imetoka. Mtu mwenye genge, mwenye mgonjwa ndani, mwenye cherehani, anahitaji jioni baada ya alasiri au siku moja ndefu kwa wiki, na anahitaji akikosa somo moja kwa msiba wajue pa kumshikia, maana huku kwetu msiba hauombi ruhusa. Wapo walionishauri niende Bagamoyo, TaSUBa, chuo cha sanaa kikongwe na chenye heshima, ila hayo ni mambo ya kuhama nyumbani na mi sina wa kumwachia nyumba.

Kuhusu cheti nitasema haraka. Kama unataka kuajiriwa basi cheti tafuta, na ukitafute kwenye chuo kilichosajiliwa, waulize usajili wao wa NACTVET, lile baraza la serikali la vyuo vya ufundi, wakuonyeshe, au nenda VETA, vyuo vya ufundi stadi, ukaulize wana nini mwaka huo. Kama unataka kupiga shughuli za watu basi mi sijawahi kuulizwa cheti hata siku moja, naulizwa picha za shughuli iliyopita. Kile cheti changu cha wiki nane kipo, kina mhuri wa dhahabu, mtoto kakichorea gari kwa nyuma.

Watu wanasema pia mbona mtandaoni bure. Kweli, vipo vingi, hata ile Museum of Modern Art ya New York ina kozi yake kwenye mtandao wa masomo wa Coursera, haifundishi vitufe kabisa, inafundisha kuitazama picha, na mwanangu alinikalisha tukaangalia vipande kadhaa, nilipenda kuliko nilivyotegemea. Ila ni Kiingereza na bando linakwenda kama maji, na video haikuoni. Ile ya kitundu na macho ipo humohumo YouTube, nimekuja kuiona baadae, ila ningeitafutaje wakati sikujua kuwa kuna kitu cha kutafuta? Mi naona mtandao ni mzuri ukishapata mtu wa kukuanzisha, kabla ya hapo unaweza kukaa miezi unaangalia watu wakizungumzia lenzi za milioni nne.

Na hizo lenzi nazo. Kozi nyingi hazigusi kununua, wakati mtu mzima ananunua kwa hela ya vikoba, akikosea mara moja hana ya pili. Nilisikia 50mm ndo lenzi ya sura, nikapata moja ya mkononi ya Nikon bei nzuri, nikafunga, haifokasi. Inagoma. Nikamrudia muuzaji kwa maneno makali kidogo, namuomba radhi kama anasoma hapa, maana lenzi ilikuwa nzima. Ilikuwa imeandikwa AF, yaani fokasi ya yenyewe, na D3200 ndani haina mota ya kusukuma lenzi za AF, inataka zilizoandikwa AF-S zenye mota yao wenyewe. Herufi moja tu. Nikaitumia kwa kuzungusha mkono miezi sita mpaka nikapata wa kubadilishana nae, na kusema kweli ile miezi sita mkono wangu ulijua fokasi kuliko kozi zote.

Sasa nije kwenye hizi shuhuda za wanafunzi, maana jirani yangu alichokuwa amekipenda kwenye lile tangazo ni shuhuda kumi na mbili za watu waliomaliza. Nikamsomea moja moja. Mwalimu mzuri mashallah. Kozi safi sana Mungu awabariki. Nimejifunza mengi. Mhariri, nimejifunza mengi ni maneno gani? Hata mimi ningeulizwa ile siku napewa cheti ningesema hivohivo, maana mwalimu alikuwa amesimama mbele na kamera ya simu na soda zimeshafunguliwa, nitasema nini. Ushuhuda wa kuufuata ni ule wenye hesabu ndani yake, tulikuwa kumi kamera tano, wiki ya pili tukatoka nje, umeme ukakatika mara mbili wakatufidia siku. Hata ukiwa wa lawama una faida. Kuna mama mmoja aliniambia kozi fulani mbaya, mwalimu mkali, picha ukileta mbovu anakurudisha ukapige tena, na mi nikasikia hapo nikaomba namba ya huyo mwalimu.

Mi naamini sisi tuliomaliza tuna deni. Tunaona haya kusema kozi ilikuwa mbovu kwa sababu ni kama kukiri tumeliwa, mtu mzima na akili zako umetoa laki tatu na nusu, basi unanyamaza au unasema nzuri, na mwenzio nae anaingia hukohuko. Wale 22 wa darasa letu nimewahi kukutana na sita, wote walisema waliona mapungufu, wote walimwambia ndugu yao kozi sio mbaya. Na mi nilikuwa nasema hivo, kwa mwaka mzima. Kwahiyo ombi langu kwako Mhariri, gazeti lenu linatoa matangazo ya kozi na vyuo karibu kila wiki, sikatai, ndo biashara. Ila mngetenga kakona kadogo, watu wazima waliomaliza kozi ya kamera, ya upishi, ya kompyuta, yoyote, wakajibu maswali manne tu: mlikuwa wangapi, vifaa vingapi, ulishika kwa muda gani, na leo unafanya nini na ulichojifunza. Bila kutaja majina ya vyuo kama mnaogopa kesi. Mtu akisoma atajua la kuuliza.

Na kabla sijafunga kuna la mwisho ambalo kozi zote mbili nilizopita, hata ya mzee, hawakulifundisha, nimefundishwa na kungwi mmoja mtu mzima wa Chumbageni. Nilifika kwenye shughuli na kamera yangu mpya nikajiona, akanishika mkono mlangoni akaniuliza hizo picha zinalala wapi usiku? Sikumwelewa. Akasema bi harusi huyu anavuliwa baibui humu ndani kwa sababu humu ni ndani, kamera yako ni mlango, nani ana ufunguo? Tangu siku hiyo nina memori kadi mbili za shughuli za kike tu, hazichanganyiki na kingine, sipeleki laptopu kwa fundi zikiwa humo, nikishamkabidhi mwenye shughuli na amehakikisha anazo nafuta mbele yake, na hakuna inayokwenda wasap kutoka kwangu hata aombe shangazi. Kuna mambo ya ndani zaidi, ya unyago, hayo siulizi hata kama kamera inaingia, naiacha nyumbani. Na sheria nayo ipo siku hizi, ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, picha ya mtu nayo ni taarifa yake, kwahiyo mwalimu anayewafundisha watu kupiga sura za watu bila kuwaambia habari ya ridhaa anawafundisha nusu. Hilo nalo muulize kabla hujalipa. Akicheka, ondoka.

Jirani yangu hajalipia ile ya kwenye tangazo. Ameomba kukaa somo moja Ijumaa hii, nimempa saa yangu ya mkononi ahesabie dakika na nimemwambia avae miwani. Mi sitakwenda nae, nina hina Ngamiani kuanzia saa kumi. Ulisema kwenye toleo la mwezi jana mnapokea picha za wasomaji, nimekuwekea moja pamoja na barua hii, ni mikono tu na piko yake, hina bado mbichi. Uso haumo kwa sababu mwenyewe hakuruhusu.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani na mpiga picha wa shughuli za kike,
Makorora, Tanga